Kununua saa ya rubidiamu kwenye mnada wa mtandaoni: ulizia taa kabla ya bei

Kama umeshaanza kupenda hivi vitu vya kupima muda kwa usahihi mkubwa, kristali zinazokaa kwenye kioveni kidogo ili joto lisibadilike, risiva za GPS za kutoa wimbi sahihi la megahezi 10, saa za atomiki kama ya rubidiamu, basi mwisho wa siku utaishia eBay tu. Madukani hamna, na vipya bei yake ni ya kampuni za simu. Vya mnadani vingi vimetolewa kwenye minara ya simu na maabara, vimewashwa mchana na usiku miaka na miaka, afu vikang'olewa vikauzwa kwa mafungu. Mi nanunua nikiwa Dar, na laiti ningejua hiki kitu tangu mwanzo: unachonunua ni uhai uliobaki ndani ya kifaa, jina lililoandikwa kwa mbele halikuongezei hata siku moja.

Kwanza jiulize unataka usahihi kiasi gani, maana hapo ndo hela inapopotea. Kristali ya saa ya kawaida ikikosea sehemu 20 kwa milioni, hiyo ni kama sekunde 1.7 kwa siku. Kristali ya kwenye oveni, mfano HP 10811 ambayo utaikuta ndani ya vifaa vingi vya zamani, ni nzuri mara nyingi sana kuliko hiyo, ila inahama polepole kadiri inavyozeeka na ukiizima ikapoa inaweza kuchukua siku hata wiki kutulia tena. Rubidiamu iliyosetiwa vizuri inakupa kosa la sehemu 1 kwa bilioni 100, yaani chini ya mikrosekunde moja kwa siku. Kwa mtu anayeanza, ushauri wangu ni rubidiamu ndogo moja na risiva ya GPS ya kuipimia, basi.

Saa ya sesiamu, aina nyingine ya saa ya atomiki, iache kwanza. Najua inavutia, maana sekunde yenyewe tangu 1967 inahesabiwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya sesiamu, na mwaka 2005 kuna jamaa Marekani, mpenzi tu kama sisi, alipakia saa tatu za sesiamu kwenye gari la familia akapanda nazo Mlima Rainier na watoto wake, wakakaa huko siku mbili, waliporudi zile saa zilikuwa zimetangulia za nyumbani kwa zaidi ya nanosekunde 20, kama Einstein alivyosema kwamba juu muda unakwenda haraka. Kila nikikumbuka hiyo habari nafurahi upya. Lakini HP 5061A, moja ya hizo saa za sesiamu, ina uzito wa kama kilo 30, usafiri peke yake unaweza kuzidi bei, na ndani kuna tyubu ambayo ikiisha imeisha, nyingine ni maelfu ya dola. Ukishindwa kujizuia, muombe muuzaji aiwashe, aiache ipate moto, afu ageuze swichi ya mita ya mbele na kupiga picha mkondo wa boriti ya sesiamu na mkondo wa pampu ya ioni, ndo vinavyoonyesha hali ya tyubu. Akikataa, achana nayo.

Sasa turudi kwenye rubidiamu. Ndani yake kuna taa ndogo yenye mvuke wa rubidiamu inayowashwa kwa mawimbi ya redio. Mwanga wake unapita kwenye kichupa kingine chenye rubidiamu afu unaishia kwenye jicho la umeme. Mikrowevu zikigonga frikwensi yenyewe hasa, kama hezi 6,834,682,610, ule mwanga unafifia kidogo sana, na saketi inaikamata kristali ya ndani isitoke hapo. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ile taa, na taa inazeeka. Nyingi za mnadani zimeshakula sehemu kubwa ya maisha yake mnarani.

Ndo maana mi napenda LPRO-101, rubidiamu ndogo ya kampuni ya Efratom, kwa mtu anayeanza: ina pini ya kusoma volti ya taa. Kabla ya kuweka dau mwandikie muuzaji kwa adabu, muulize imewashwa lini mara ya mwisho, imefunga (yaani kristali imekamatwa kwenye frikwensi ya rubidiamu) baada ya dakika ngapi, na volti ya taa ni ngapi baada ya nusu saa. Ikiwa 6 au zaidi nafurahi, ikiwa imekaribia 3 naona imechoka, labda kwa bei ya spea. Wauzaji wengi hawajui hata hiyo pini iko wapi, na sio kosa lao, wao wamenunua fungu zima la mnara. Ukimtumia mchoro mdogo na maelezo ya mistari miwili wengine wanapima kweli, na aliyekubali kukupimia tayari umeshajua ni mtu wa aina gani.

FE-5680A, rubidiamu nyingine ndogo, nayo utaikuta kila kona na ni nzuri, ila kuna matoleo mengi yenye sura moja na waya tofauti, zingine zinataka volti 15 peke yake, zingine 15 na 5, kwa hiyo usinunue bila picha ya lebo inayosomeka.

Maelezo ya muuzaji uyasome kama mkataba. Akiandika untested (hakijajaribiwa), chukulia ni mbovu, maana mwenye duka la vifaa vya umeme hakosi pawasaplai ya kujaribia. Akiandika inawaka, ujue taa ya paneli inawaka tu, kufunga ni habari nyingine. Kikiandikwa for parts (cha kutolea spea) usitegemee kurudishiwa hela. Picha nayo iangalie kwa makini: je ni ya kifaa chenyewe au imetumika kwenye matangazo kumi, soketi ina pini zote, kuna kutu? Afu chuja orodha uone vilivyokwisha kuuzwa, maana bei inayotangazwa ni ndoto ya muuzaji, bei iliyolipwa ndo bei.

Dau lenyewe liweke mara moja tu, sekunde za mwisho. Mfumo unakupandishia wenyewe mpaka kikomo chako, kwa hiyo andika kiasi ambacho ukishindwa hutaumia na ukishinda hutajuta, ukianza kupandisha dola mbili mbili tangu siku ya kwanza unawaita wenzio tu. Hapo kuna mtego wa saa. Ukiona muda wa kufunga umeandikwa PDT (saa za Marekani magharibi wakati wa kiangazi), sisi tuko mbele saa 10, ukiona PST (saa zao za kawaida) tuko mbele saa 11, maana Marekani wanasogeza saa zao mwezi Machi na Novemba na sisi hatusogezi. Mnada wa saa kumi na mbili jioni kule unafungwa huku saa kumi alfajiri, na kipindi cha PST ni saa kumi na moja. Mi nilipoteza kristali nzuri mwezi Machi kwa sababu hiyo, niliamka saa kumi na moja kasoro nimejiandaa kabisa, kumbe umefungwa karibu saa nzima nyuma. Siku hizi nageuza muda wote kuwa UTC, saa ya kimataifa, kwanza ndo naandika kwenye karatasi.

Ukishinda, hesabu usafiri na kodi kabla hujashangilia. Kodi inakokotolewa juu ya bei, bima na usafiri kwa pamoja, na VAT peke yake ni asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya. Kwenye ankara muuzaji aandike ukweli kwa lugha nyepesi, kifaa cha maabara cha kupima frikwensi, kimetumika. Neno atomiki linatisha watu wa mizigo. Wakikuuliza kuhusu sesiamu waeleze kwa upole kwamba ya kwenye saa ni sesiamu 133 ambayo haina mionzi, inayoogopwa ni 137.

Mzigo ukifika usikimbilie kwenye soketi ya ukutani. Vifaa vikubwa vya Marekani vinakuja vimesetiwa volti 115 na sisi tuna 230. Nyuma, karibu na fyuzi, kuna kadi au swichi ya kubadilisha. Nilishawahi kusahau hilo kwenye kaunta ya kupimia frikwensi niliyoisubiri wiki saba, ikatoa harufu ya transfoma inayoungua ndani ya sekunde chache, na ile harufu bado naijua.

LPRO yenyewe inataka volti 24 za DC, kama za betri, na pawasaplai yenye nguvu, maana ikiwa baridi inavuta zaidi ya ampia moja na nusu, ikishapata joto inashuka kwenye nusu ampia hivi. Ifunge kwa skrubu kwenye bamba nene la aluminiamu, usiwashe ikiwa imelala mezani. Mi nimeweka betri mbili za volti 12 kwa mfululizo na chaja, zinakaa kwenye 27 ambazo inazikubali, umeme ukikatika usiku yenyewe haina habari.

Unganisha kwenye osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi), kiwe kinaanza kuchora kila pigo la sekunde la GPS likigonga. Dakika za mwanzo utaona wimbi linateleza kushoto, linarudi kulia, linateleza tena, kristali inatafuta. Afu ghafla linasimama. Pini ya ishara inashuka karibu na sifuri, maana yake imefunga. Kwangu huwa ni dakika ya nne au ya tano, na nimeona mara nyingi ila bado nasimama kuangalia.

Kwa upande wa GPS, Trimble Thunderbolt ya mnadani inatosha kabisa, ukiisoma kwa programu ya bure ya Lady Heather. Usiikatae kwa sababu inaonyesha tarehe ya zamani, tangu 30 Julai 2017 hesabu yake ya wiki imerudi nyuma wiki 1,024, ila megahezi 10 zake haziguswi na programu inakurekebishia tarehe. Antena iinue juu ya mabati, isijibanze pembeni ya ukuta, maana huku karibu na ikweta satelaiti zinapita juu kichwani na anga yote ni yako.

Afu subiri siku mbili tatu ndo upime. Wimbi la megahezi 10 lina upana wa nanosekunde 100, likihama wimbi moja zima kwa sekunde 1,000 kosa ni sehemu 1 kwa bilioni 10, likichukua sekunde 10,000, karibu saa tatu, ni 1 kwa bilioni 100. GPS yenyewe inayumba nanosekunde kadhaa, kwa hiyo usiamini kipimo cha dakika tano. Andika kwenye daftari asubuhi na jioni saa ile ile pamoja na joto la chumba, zungusha skrubu ya kurekebisha kidogo sana, funga kifuniko, na usiiguse tena mpaka kesho yake.