Flashi kwenye Linux: usichomoe haraka

Kompyuta ya dukani kwangu, ninakochapa barua na kutoa fotokopi, inatumia Ubuntu, aina ya mfumo endeshi wa Linux, na kutwa nzima napokea flashi za wateja. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliona mstari wa kunakili umefika mwisho, akachomoa. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ikawa haifunguki. Iliniuma sana. Linux huweka data kwanza kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kisha ndiyo huiandika kwenye flashi taratibu, kwa hiyo mstari kujaa si kumaliza.

Ukichomeka, fungua taminali (dirisha la kuandika amri) uandike `lsblk`, amri ya kuorodhesha diski. Tazama ukubwa: ukiona jina kama sdb lenye 14.9G hivi, basi ndiyo flashi yako ya GB 16 (amri hii huonyesha pungufu kidogo), na sdb1 ni sehemu yake. Soma mara mbili, hasa kabla ya kufomati. Ukikosea herufi moja unafuta diski ya kompyuta.

Kwa kawaida flashi hufunguka yenyewe. Ikigoma:

`udisksctl mount -b /dev/sdb1`

Kuitoa:

`udisksctl unmount -b /dev/sdb1`

Subiri mpaka amri ijibu, hata ikichukua dakika tatu. Ikisema “target is busy”, kuna faili iliyo wazi, au taminali yenyewe imo ndani ya folda ya flashi. Funga faili hiyo, au andika `cd` ili taminali itoke humo, kisha rudia.

Video ya harusi ikikataa kuingia ilhali nafasi ipo, angalia mfumo wa flashi wa kupanga faili, kama FAT32 au exFAT, kwa `lsblk -f`. FAT32 haipokei faili moja ya GB 4 au zaidi. Hamisha vilivyomo, ufomati kwa exFAT.