Kuchora mawingu kwa pasteli za chaki: kivuli kwanza, weupe mwisho

Michoro mingi ya mawingu huharibika dakika ya kwanza. Mchoraji anashika kijiti cheupe, anachora mafungu ya pamba katikati ya karatasi, kisha anajaza bluu pembeni. Bluu inaingia kwenye weupe, na wingu linabaki na rangi ya maji ya kufulia. Mpangilio sahihi ni mbingu, halafu kivuli cha wingu, halafu mwanga.

Ukinunua, hakikisha ni pasteli za chaki na si za mafuta, maana dukani zinafanana. Isugue kidoleni: ya chaki huacha unga mkavu, ya mafuta hunata kama nta. Chaki za ubaoni hazifai, rangi yake ni hafifu mno. Vijiti tisa vinatosha: bluu nzito, bluu ya kati, samawati iliyopauka, zambarau ya kijivu, bluu ya kijivu iliyokolea, hudhurungi, waridi hafifu, maziwa na nyeupe. Karatasi ya manila ni laini, unga unateleza; ipitishe msasa kidogo kwanza. Kaki nene ni nzuri zaidi, kwa sababu rangi yake ikichungulia katikati ya bluu, mbingu inapata joto. Msasa wa maji namba 400 unashika unga kuliko vyote, ila unakula vijiti.

Laza karatasi ya A4, bana kwenye ubao, piga mstari wa upeo wa macho kama sentimita 4 kutoka chini. Weka alama nyepesi za mawingu yalipo, kisha usiyafukuze tena. Kusi likivuma, wingu dogo hubadilika umbo ndani ya dakika chache, na anayelirekebisha kila linapogeuka hamalizi.

Vunja kijiti kipande cha sentimita 2 au 3 na ukilaze ubavu. Bluu nzito juu, ya kati chini yake, samawati karibu na upeo, ukiruka sehemu za mawingu. Mbingu hupauka chini kwa sababu macho yanapita kwenye hewa nyingi zaidi, yenye unyevu wa bahari na, kabla ya mvua, moshi wa mashamba yanayochomwa. Lainisha kwa kipande cha sponji. Kidole chenye jasho au mafuta ya nazi huziba mkwaruzo wa karatasi, yaani ule ukwaru wa uso unaoshika unga, na kuacha doa linalong'aa, ambalo halishiki rangi tena.

Sasa wingu. Mawingu ya mafungu yana kitako bapa, kwa kuwa mvuke unaopanda hugeuka matone ukifika kimo fulani, na kimo hicho ni karibu kimoja kwa mawingu yote ya eneo hilo. Kwa hiyo vitako vyote vilale sambamba na upeo. Yaliyo juu yako yawe makubwa na yaachane. Kadiri yanavyoshuka kuelekea baharini yawe madogo, membamba, yakikaribiana. Ukiyafanya yote sawa, mbingu inasimama kama ukuta.

Jaza umbo zima la wingu kwa zambarau ya kijivu, mkono mwepesi. Ongeza bluu ya kijivu kwenye kitako, na hudhurungi kidogo sana juu yake. Nyeusi usiiguse, inaua kivuli. Kisha tazama jua liko wapi. Ukiwa ufukweni Lindi mjini saa 10 jioni, ukiangalia ng'ambo ya Kitunda, jua liko mgongoni na uso wa wingu unawaka: paka waridi, juu yake maziwa, na nyeupe pale tu panapong'aa kuliko kote. Hapo kandamiza kijiti mara moja na uinue. Ukingo wa upande wa jua ubaki mkali. Wa upande wa pili uufute kwa sponji hadi uyeyukie mbinguni. Wingu lenye ukingo mkali pande zote huonekana limekatwa kwa mkasi.

Asubuhi huko Msimbati, ufukwe wa Mtwara, ukitazama jua linakochomoza, mambo yanageuka: tumbo la wingu ni giza na ukingo ndio unaong'aa. Kuelekea mwisho wa Februari, na tena tarehe 20 hivi Oktoba, jua la mchana hupita utosini kwenye pwani hii ya kusini. Vivuli vyote huwa chini na wingu halionyeshi umbo. Saa hizo pumzika. Kwa mavundevunde, yale mawingu madogo madogo yaliyotawanyika, usichore moja moja: kwaruza ubavu wa kijiti upande mmoja, karatasi yenyewe itayakata.

Rangi ikianza kuteleza, mkwaruzo umejaa. Usiongeze, gonga ubao unga udondoke, au ondoa tabaka kwa brashi kavu. Usipulize, unga huo si wa kuvuta. Dawa ya kukazia rangi hutia giza weupe, hivyo inyunyize kabla ya tabaka la mwisho, kwa mbali na kidogo.

Vijiti vilivyochafuka vitie kwenye kopo lenye mchele mkavu, utikise taratibu. Mchele huo usipikwe tena. Mchoro uufunike kwa karatasi laini ya kuokea keki na kuulaza. Ukiuwekea fremu, kioo kisiguse unga: acha nafasi ya milimita 3 kwa vipande vya kadi kwenye kingo.