Bawaba ya kifuniko cha tyubu
Wale mnachonga moldi (kalibu za kumiminia plastiki) za vifuniko vya tyubu za losheni huko Kariobangi Light Industries, Nairobi, hebu angalieni hiyo bawaba vizuri, yaani ule ukanda wa plastiki kifuniko kinapokunjikia. Tumieni polipropilini, ile plastiki yenye namba 5 ndani ya alama ya pembetatu, na pale panapokunjika pawe pembamba, kama milimita 0.3 hivi, pakiwa nene panapasuka mapema. Lakini kubwa zaidi ni tundu la kuingizia plastiki, liweke upande mmoja ndio plastiki ivuke bawaba kwa mkondo mmoja, kwa sababu ikiingilia pande mbili ikutane hapo katikati unapata mstari dhaifu na kifuniko kitakatikia mkononi mwa mteja. Alafu kikitoka kwa mashini kikiwa bado moto kikunje mara moja mbili, bawaba inakuwa ngumu kukatika. Na kona za ndani zizungushwe kidogo jameni, kona kali ndio huanzisha ufa.