Banda la khanga Sabasaba: anza na jina, ndipo uende kwa seremala

Natengeneza meza na rafu Keko. Kila Juni wananijia wauza khanga wanaokwenda Maonesho ya Sabasaba, pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya kabati. Mimi huwaomba kwanza waitandaze khanga moja.

Khanga ina pindo (ukingo wake), mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yaliyoandikwa juu yake). Mteja husimamishwa na rangi, lakini pochi anaifungua akishasoma jina. Ukiikunja na kuirundika kabatini, umemficha kile alichokuja kukitafuta. Vipimo vya banda zima vianzie hapo.

Tuseme umepewa mita 3 kwa 3, kuta za sentimita 250. Khanga ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Itundike ukuta wa nyuma, ukingo wa chini ukiwa sentimita 130 kutoka sakafuni: juu itafika 240, na jina litaangukia karibu na macho ya mtu mzima aliyesimama. Usiipigilie misumari, wala usitumie vibanio vya chuma. Hewa ya Dar ina chumvi na kutu haitoki kirahisi kwenye pamba. Ibane ukingo wa juu kati ya fito mbili za mbao zilizopigwa msasa. Moja iliyofunguka yote inatosha. Za pembeni zikunje, jina libaki nje.

Meza iwe sentimita 160 kwa 75, kimo 90, muuzaji akunjue nguo bila kuinama. Iegemeze ukuta wa kando, katikati paachwe wazi kina mama wapishane na mifuko yao. Miguu ifungwe kwa bolti, ili ifunguliwe yote, mzigo uingie kwenye kirikuu kimoja. Mninga ni mti mzuri sana, ila kwa kazi ya siku chache unakuelemea bure. Paini ya Mafinga inatosha. Akiba ikae chini ya meza nyuma ya pazia, maana vumbi la Julai halina huruma na nguo nyeupe.

Kwenye taa sikubali kubana matumizi. Taa ya njano hugeuza nyeupe kuwa krimu, na mteja akifika kwake anaona ameuziwa nyingine. Nunua LED ya kelvini 4000 (kipimo cha rangi ya mwanga), na kwenye boksi tafuta CRI, yaani kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi, ya 90 au zaidi. Imulike ukuta kwa mshazari kutoka juu, isimpige mtu machoni.

Bango lisigombane na nguo. Khanga tayari ina maua na maandishi yake, kwa hiyo chagua rangi moja iliyotulia, kijivu au ya udongo, isiyong'aa. Herufi za sentimita 10 zinasomeka vizuri kutoka ng'ambo ya njia. Jina la duka, "khanga na vitenge", basi. Namba ya simu mpe mteja kwenye kadi.

Bei iandike kwa doti, kadi ndogo juu ya kila rundo, kwani wapo wanaoona haya kuuliza. Nyuma ya kadi andika jina la khanga hiyo, msaidizi wako ajue lipi limekwisha kabla hajamwahidi mtu.