Makala yako ya kwanza Wikipedia: anza na vyanzo

Wiki iliyopita nilikaa na rafiki yangu aliyetaka kuandika makala yake ya kwanza Wikipedia. Aliniita akiwa ameshaandika aya nne, na zote nne ilibidi tuziweke kando. Hizi ndizo hatua tulizofuata tulipoanza upya.

Hatua ya 1: Fungua akaunti

Weka na barua pepe, maana ukisahau nywila bila hiyo, akaunti imekwenda. Usitumie jina la kampuni wala la chama.

Hatua ya 2: Rekebisha kabla ya kuanzisha

Siku za mwanzo sahihisha tahajia, ongeza tarehe iliyokosekana, unganisha makala kwa makala. Bofya "Hariri chanzo", si "Hariri". Wapo wanaomwelekeza mgeni kwenye kihariri chenye vitufe, kile kinachofunguka ukibofya "Hariri", kwa sababu ni rahisi. Mimi sikubaliani nao. Ukishazoea mabano ya [[kiungo]] na alama za == kichwa ==, siku kigezo (kipande cha maandishi kilichotengenezwa tayari ili kubandikwa kwenye kurasa) kikivurugika utajua pa kushika. Na tumia kompyuta. Simu nzuri kwa kusoma, lakini marejeo hayaandikiki vizuri kwa kidole gumba.

Hatua ya 3: Kusanya vyanzo

Makala yangu ya kwanza ilifia hapa. Niliandika usiku kucha, asubuhi nikaikuta imebandikwa kigezo cha kufutwa. Nilikuwa na viungo sita, nikaona vinatosha kabisa. Vinne vilikuwa habari moja iliyonakiliwa na tovuti nne. Cha tano kilikuwa tovuti ya mhusika mwenyewe, yaani yule niliyekuwa namwandikia makala. Cha sita kilikuwa makala ya Wikipedia ya lugha nyingine, na Wikipedia haijitegemezi kwa Wikipedia. Kwa hesabu ya wahariri wenzangu, nilikuwa na chanzo kimoja tu.

Kwa hiyo, kabla hujaandika hata sentensi moja, tafuta angalau vyanzo viwili au vitatu visivyotegemeana na visivyo na uhusiano na mhusika, vinavyomzungumzia kwa kina. Jina kutajwa kwenye orodha si kuzungumziwa. Soma kila kimoja hadi mwisho, uangalie kimeandikwa na nani na yeye kayatoa wapi. Kuna mtego mmoja mbaya: mwandishi wa habari anachukua sentensi kutoka Wikipedia, kisha mhariri anaileta habari hiyo kama ushahidi wa sentensi ile ile. Ukiwa na shaka, fungua historia ya ukurasa, yaani orodha ya matoleo yake yote. Kama sentensi ilikuwepo kabla habari haijachapishwa, na maneno yanafanana, achana na chanzo hicho.

Kitabu kisichopatikana kwenye intaneti ni chanzo halali. Mimi hukipenda kuliko kiungo, mradi uandike mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na ukurasa. Viungo hufa. Siku unayotumia kiungo, hifadhi nakala yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao.

Rejeo lenyewe huandikwa hivi, mara tu baada ya sentensi inayolihitaji:

`Marie Curie alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1903.<ref>Mwandishi, ''Jina la kitabu'', mchapishaji, mwaka, uk. 45.</ref>`

Angalia kile kimkwaju (alama ya /) kwenye `</ref>`. Ukikisahau, maandishi yote hadi mwisho wa rejeo linalofuata hayataonekana kwenye ukurasa. Rafiki yangu alidhani mtu amemfutia aya nzima, kumbe ilikuwa imemezwa na rejeo.

Tena, kuwa na chanzo si ruhusa ya kunakili. Kubadilisha maneno mawili kwenye kila sentensi bado ni kunakili, na makala hufutwa kwa hilo. Soma, funga kitabu, andika kwa maneno yako, kisha kifungue tena kuhakiki tarehe na tarakimu.

Hatua ya 4: Andika

Ondoa sifa, acha matendo. "Mwanasayansi shupavu aliyewashinda wote" haimwambii msomaji lolote. "Alipata Nobel ya Fizikia mwaka 1903 pamoja na Pierre Curie na Henri Becquerel, kisha ya Kemia mwaka 1911" inatosha. Usijiandikie makala wewe mwenyewe, wala mwajiri wako.

Ukitafsiri makala ya lugha nyingine, taja kwenye muhtasari wa uhariri (kile kisanduku cha kueleza ulichobadilisha, unapohifadhi) umeitoa wapi. Leseni ya Wikipedia inadai hivyo. Tafsiri ya mashine usiibandike kamwe kabla hujaisoma neno kwa neno. Kiswahili chetu kimeumizwa sana na kurasa ambazo hata aliyezipachika hakuzisoma.

Hatua ya 5: Hakiki, jaza muhtasari, hifadhi

Muhtasari mfupi tu: "nimeongeza rejeo la mwaka wa kuzaliwa".

Hatua ya 6: Ukitenguliwa

Mtu akiondoa ulichoandika, usikirudishe papo hapo. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja anaweza kuzuiwa. Hakuna kilichopotea, matoleo ya nyuma yamo kwenye historia. Nenda ukurasa wa majadiliano, uliza kwa upole sababu ni nini, weka chanzo chako mezani, kisha tia saini kwa tilde nne: ~~~~. Jibu linaweza kuchukua siku kadhaa.