Meza ya kugusa inayotumia infraredi: vidole vikavu vikigoma

Nimetoka kumsaidia mwenzangu kuunda meza yake, na kosa lililomkwamisha ndilo lililonikwamisha mimi. Njia yenyewe ni ile aliyoionyesha mtafiti Jefferson Han mwaka 2005: mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, huingizwa ubavuni mwa akriliki (plastiki ngumu inayopitisha mwanga), hudundadunda ndani, na kidole kikigusa huvuja kwenda chini, kamera iliyo chini ikaona doa jeupe.

1. Akriliki. Unene milimita 8 hadi 10. Sugua kingo kwa msasa wa maji hadi zing'ae. Kioo cha dirisha achana nacho, hunyonya mwanga.

2. LED. Hizi ndizo taa ndogo za infraredi za kuweka ubavuni. Chukua za nanomita 850. Za 940 kamera nyingi huziona kwa tabu. Kwenye volti 12, unga saba mfululizo na rezista ya omu 33.

3. Kamera. Ng'oa chujio linalozuia infraredi nyuma ya lenzi, weka vipande viwili vya negativu nyeusi ya filamu ya picha, vizuie mwanga wa kawaida, kisha rekebisha lenzi upya.

4. Silikoni. Hapa ndipo siku ilipoishia. Kidole kilichotoka kunawa kilionekana vizuri, kikavu hakikuonekana kabisa. Tukaongeza LED, tukabadilisha kamera, wapi! Ngozi kavu huacha hewa kati yake na akriliki, na penye hewa mwanga hauvuji. Dawa yake ni silikoni iliyolegezwa kwa zailini (kiyeyusho) na kupakwa kwa rola kwenye karatasi ya kunakilia inayopokea picha ya projekta. Usipake kwenye akriliki yenyewe: zailini huila, ikapasukapasuka. Fanya kazi hii nje ya nyumba, harufu yake ni kali.

Usitafute ulaini. Mimi nilipaka safi kama kioo, nikajisifu. Karatasi ikanata, doa likabaki hata baada ya kuinua kidole. Unataka vipele vidogo, kwa hiyo pitisha rola silikoni ikiwa karibu kukauka, tabaka jembamba mara tatu au nne. Iache siku nzima, kisha ilaze upande wa silikoni ukiangalia akriliki, bila gundi.

5. Programu. Natumia Community Core Vision, inayosoma madoa kwenye picha ya kamera. Ni ya zamani, ila haijanisumbua. Zuia kamera isijirekebishe mwanga yenyewe, sawazisha nukta za kamera na za skrini, kisha tuma miguso kwa TUIO (itifaki ya kupelekea miguso kwa programu nyingine) kwenye poti 3333.

Madoa yakijaa skrini nzima mchana, funga pazia kabla ya kugusa mipangilio. Jua nalo lina infraredi, na kamera haibagui.