Kupitisha Bomba la Maji Chini ya Barabara ya Lami Bila Kuchimba Mtaro

Kabla mashine ya kutoboa ardhi haijafika, pata kibali cha msimamizi wa barabara, ambaye kwa Tanzania ni TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, au TARURA kwa barabara za mijini na vijijini. Kisha jua kilichomo ardhini. Usitegemee ramani peke yake, kwani mara nyingi huonyesha mahali kebo ilipopangwa kulazwa, si pale ilipolazwa. Kila mahali ambapo njia yako itakatana na kebo ya umeme, mkongo wa mawasiliano au bomba la zamani, chimba kwa mkono kishimo cha kuchungulia hadi ukione chenyewe na kukipima kina. Hatua hii naihimiza kuliko zote, maana kebo yenye umeme ikitobolewa, wa kwanza kuwa hatarini ni aliyesimama kwenye mashine.

Utoboaji huanza na tundu dogo la mwongozo. Kichwa cha kekee kimekatwa mshazari: kikisukumwa huku kikizungushwa huenda moja kwa moja, na kikisukumwa bila kuzungushwa hupinda. Ndani yake mna kifaa kinachotoa mawimbi, na msaidizi aliye juu ya ardhi huyafuatilia kwa kipokezi, akisoma kina na mwelekeo kila fimbo mpya ya kusukumia kekee inapoungwa. Wakati wote tope la bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, husukumwa tunduni ili libebe udongo uliokatwa na kuzuia kuta zisiporomoke. Tope likiacha kurudi kwenye shimo la kuanzia, simamisha kazi mara moja, kwa sababu huenda linatafuta njia ya kupasukia juu, chini ya lami yenyewe.

Tundu hupanuliwa hadi takriban mara 1.5 ya kipenyo cha bomba. Bomba la milimita 110 litahitaji tundu la milimita 165 hivi. Vipande vya bomba la poliethilini huungwa kwa sahani ya moto, na kiungo kizuri utakitambua kwa ukingo wa plastiki uliojikunja pande zote mbili kwa unene ulio sawa. Kiache kipoe kikiwa kimebanwa, bila kukimwagia maji, kisha ulipime bomba lote kwa shinikizo kabla ya kulivuta kupitia tunduni.

Kati ya kipanuzi, yaani kichwa kinachopanua tundu, na bomba linalovutwa nyuma yake funga kiungo kinachozunguka, ili bomba lisisokotwe. Vuta polepole bila kukatiza, ukiacha urefu wa ziada kila upande, na usikate wala kuunga hadi kesho yake, kwa kuwa poliethilini iliyonyooshwa kwa kuvutwa hurudi na kufupika.